Mwongozo wa Kuzuru Mahekalu ya Kihindu ya Tamil Nadu kwa Mara ya Kwanza

Familia iliyowahi kumpeleka mgonjwa Chennai, mji mkuu wa jimbo la Tamil Nadu huko India, inalijua jambo hili: baada ya wiki ya kwanza mgonjwa ana vipimo, dawa na usingizi, ilhali aliyemsindikiza ana saa nyingi mno za kukaa bure. Ndipo msindikizaji anapoanza kuitazama ile minara ya rangi inayochomoza juu ya mapaa na kujiuliza kama anaweza kuingia. Nimewasindikiza wagonjwa wa nyumbani kwetu mara tatu, na kila niliporudi Tanga niliulizwa maswali yale yale: je, Mwislamu au Mkristo anaruhusiwa, avae nini, simu aiache wapi, na akipakwa majivu kwenye paji la uso afanyeje. Nimeona heri niyajibu yote mara moja. Ninayoyaeleza hapa yanahusu mahekalu ya jimbo la Tamil Nadu, kusini mwa India, kwa kuwa ndiyo niliyoyakanyaga mwenyewe.

Swali la kwanza nilimalize hapa hapa. Mtu wa dini nyingine anaruhusiwa kuingia katika mahekalu mengi ya Tamil Nadu, lakini si katika kila sehemu ya hekalu, na hakuna atakayemlazimisha kusujudu, kuchangia wala kula chochote. Kama dini yako inakuruhusu kuingia, hilo ni baina yako na dhamiri yako, nami siliingilii. Kuna pia suala la maneno. Sisi humwita Mhindi yeyote mwenye asili ya India, lakini Mhindu ni mfuasi wa dini, na dereva wa bajaji anayekupeleka hekaluni huenda akawa Mwislamu au Mkristo. Hekalu kwa Kitamil ni kovil, neno ambalo dereva huyo atalielewa hata kama hamna lugha nyingine ya kuzungumza.

Vitu vya kuandaa kabla ya kutoka

Nguo ndizo zinazowarudisha watu wengi getini. Mwanamume avae suruali ndefu na shati lenye mikono. Mwanamke avae gauni refu au sketi inayofika miguuni, pamoja na khanga ya kujitanda mabegani. Dera linafaa ikiwa halionyeshi mwili. Kaptura, fulana isiyo na mikono na suruali ya kubana havifai kwa yeyote. Wanaume wa pwani wana kosa lao maalumu, nami nililifanya: nilivaa msuli wa mistari nikidhani nimefanana na wenyeji, kumbe msuli wa namna ile huko huitwa lungi na ni vazi la kushinda nalo nyumbani. Wanachovaa hekaluni ni kitambaa cheupe cha pamba chenye ukingo mwembamba wa rangi, wanachokiita veshti, na kinauzwa katika karibu kila duka la nguo. Mlinzi hakunifukuza, ila alinitazama kuanzia miguuni hadi kiunoni kwa namna iliyonifanya nirudi mwenyewe kubadilisha.

Pamoja na nguo, andaa vitu hivi:

- Soksi nene za pamba, kwa sababu utatembea bila viatu juu ya mawe yaliyopigwa na jua.
- Ndala au kandambili za bei rahisi. Viatu vyako vizuri viache chumbani.
- Noti ndogo za rupia 10, 20 na 50. Wenyeji hulipa kwa simu hata wanaponunua maua, lakini mgeni hutegemea fedha taslimu, na chenji ya noti ya 500 ni shida kuipata.
- Mkoba wa kitambaa. Baadhi ya mahekalu hayapendi vitu vya ngozi viingie ndani, ikiwa ni pamoja na mikanda na pochi.
- Saa ya mkononi, kwa kuwa simu hutakuwa nayo.
- Karatasi yenye jina na anwani ya mahali unapokaa, pamoja na namba ya simu ya mwenzako. Hiki ndicho kitu ambacho wageni hukisahau kuliko vyote, na umuhimu wake huonekana pale simu ikiwa imefungiwa kabatini upande mmoja wa hekalu nawe umetokea upande wa pili.

Onyo kwa wagonjwa wa kisukari: usitembee peku katika mahekalu haya mchana, hata ukiwa na soksi. Mtu ambaye nyayo zake zimepungua hisia anaweza kuungua bila kujua, kisha akarudi hospitalini na kidonda ambacho hakuja nacho.

Hatua kwa hatua

1. Chagua hekalu linalolingana na uzoefu wako.

Usianzie mji wa Madurai. Watu wengi hukimbilia hekalu lake la mungu wa kike Meenakshi kwa kuwa ndilo lenye sifa, wakafika wakiwa hawajui lolote kuhusu taratibu, na wakamaliza nusu siku wakipishana na walinzi. Anzia Mahabalipuram, kilomita 60 hivi kusini mwa Chennai, kwenye hekalu la ufukweni lililojengwa kwa mawe katika karne ya 8. Hapo ibada za kila siku hazifanyiki tena, ni mahali pa kumbukumbu ya kale, unakata tiketi na kutazama kwa raha. Utajifunza umbo la hekalu kabla ya kukutana na umati wake.

Baada ya hapo nenda Mylapore, ndani ya Chennai kwenyewe, kwenye hekalu la Kapaleeshwarar. Hili linaabudiwa asubuhi na jioni, na mgeni anaweza kuzunguka uwanjani hata kama haruhusiwi kuingia chumba cha ndani kabisa, kile chenye sanamu ya mungu. Ukiwa na siku mbili za kusafiri, panda treni hadi Thanjavur, kilomita zipatazo 350 kutoka Chennai, kwenye hekalu la Brihadisvara. Hilo ndilo ninaloliweka mbele ya mahekalu yote niliyoyaona. Mfalme Raja Raja Chola wa Kwanza alilimaliza mwaka 1010, na mnara wake wa mawe magumu unapita mita 60. Uwanja ni mpana kiasi kwamba hata pakiwa na watu wengi mtu anapata pa kupumulia, na mara zote mbili nilizokwenda hakuna aliyeniuliza dini yangu. Waongoza wageni watakuambia kwamba kivuli cha mnara ule hakianguki kamwe chini. Nenda saa kumi jioni ukasimame juu ya kivuli hicho.

Madurai ije mwisho, utakapokuwa umezoea.

2. Panga saa zako, na uzisome vizuri.

Mahekalu mengi hufunguliwa alfajiri au asubuhi mapema, hufungwa karibu saa sita au saa sita na nusu mchana, kisha hufunguliwa tena saa kumi jioni hadi kama saa tatu usiku. Saa za mchana, hekalu hufungwa kweli. Hakuna mlinzi wa kumbembeleza. Kosa la kwetu ni la kusoma saa: bango likiandika 4.00 PM, hiyo ni saa kumi jioni, si saa nne. Mwenzangu mmoja alitufikisha mlangoni saa nne usiku akiwa na uhakika wote duniani.

Wakati bora ni saa ya kwanza asubuhi, mawe yakiwa bado baridi, au jioni baada ya saa kumi na moja. Kwa upande wa majira, Desemba hadi Februari hali ya hewa ni nzuri, lakini katikati ya Desemba hadi katikati ya Januari utakutana na makundi makubwa ya mahujaji waliovaa nguo nyeusi, walio njiani kwenda au kutoka Sabarimala, hekalu la hija katika jimbo jirani la Kerala. Aprili na Mei joto ni kali, na Madurai huwa na sherehe ya harusi ya Meenakshi ambayo hujaza mji mzima. Mgeni wa mara ya kwanza aiepuke.

3. Acha viatu na simu mahali rasmi.

Nje ya kila hekalu kubwa kuna kibanda cha viatu. Toa viatu, pokea kibati au karatasi yenye namba, na ukihifadhi. Ukivua viatu mlangoni na kuviacha chini kama tunavyofanya msikitini kwetu, huenda ukavikuta, huenda usivikute.

Mwezi Desemba 2022 Mahakama Kuu ya Madras (jina la zamani la Chennai) iliagiza simu zizuiwe katika mahekalu ya jimbo zima, na Madurai ilikuwa imeanza mapema zaidi baada ya moto wa mwaka 2018. Ukaguzi hutofautiana kati ya hekalu na hekalu: Thanjavur nilipiga picha uwanjani bila tatizo, lakini Madurai unapekuliwa kwa mashine na kwa mikono. Usijaribu kuificha simu. Kabla ya kuikabidhi, izime, na usome kwa makini jina la lango ulilosimama, kwa sababu hekalu la Madurai lina malango makubwa manne yaliyoelekea pande nne za dunia, nayo kwa macho ya mgeni yanafanana kama mapacha.

4. Vuka kizingiti, kisha tafuta nguzo ya bendera.

Utaona watu wakiinama kugusa kizingiti. Si lazima uige, ila usikikanyage, kivuke. Mbele yako, katika mstari wa moja kwa moja na chumba cha ndani, kuna nguzo ndefu iliyofunikwa shaba au dhahabu. Katika mahekalu mengi hiyo ndiyo alama ya mpaka: bango lililo karibu nayo au mbele kidogo huandika kwamba wasio Wahindu wasipite. Madurai ni hivyo. Kumbi, ukumbi wa nguzo elfu na bwawa la yungiyungi la dhahabu utayaona, lakini vyumba vya Meenakshi na mumewe Sundareswarar hutaviingia.

Ukisimama hapo usijadiliane. Usiseme wewe ni mtafiti, wala usijitangaze Mhindu kwa dakika tano. Aliyevaa buibui, au kanzu na kofia, ajue kwamba mavazi yake yameshamtambulisha, na asishangae akionyeshwa bango mapema kuliko wengine. Kwa anayeona fedheha kuzuiwa: mwaka 1984 Indira Gandhi, akiwa Waziri Mkuu wa India, alikataliwa kuingia hekalu la Jagannath huko Puri kwa sababu alikuwa ameolewa na Mparsi, yaani mtu wa dini ya Zoroasta.

5. Geukia kushoto na uzunguke.

Hekalu huzungukwa kwa kulifuata jua: chumba kitakatifu kiwe mkono wako wa kulia daima. Ndiyo maana ukiingia unageukia kushoto. Ukienda kinyume hutapigwa kelele, lakini utakuwa unapishana na mto wa watu na kila mmoja atakuelekeza kwa kidole. Tembea polepole. Minara ya malango, ambayo Watamil huiita gopuram, imejaa mamia ya sanamu zilizopakwa rangi, na mtu anayeharakisha huona rangi tu.

Hapa pia ndipo mtu wa pwani atakapoanza kutambua harufu moja moja. Kwenye vichochoro vya nje wanawake wameketi mbele ya milima ya asumini, wakiyafunga maua kwa uzi wa mgomba upesi kiasi kwamba vidole havionekani, na kuyapima kwa urefu wa mkono kuanzia kiwiko. Mama mmoja wa Madurai alinikatia kipande, nami nikakifunga kwenye begi, akacheka sana, kwa sababu asumini ni ya nywele za mwanamke. Ndani kuna samli inayowaka katika taa za udongo, nazi zilizovunjwa, tambuu, na halafu kafuri, ile ile tunayoiita karafuu maiti. Nikiri kwamba mara ya kwanza ilinishtua. Kwetu harufu ile ina maana ya sanda na maji ya kuoshea maiti, na huku mtoto anainuliwa juu ya mabega ya baba yake ili aivute vizuri.

6. Panga foleni pale unaporuhusiwa.

Kwa kawaida kuna foleni mbili: ya bure, na ya kulipia ambayo ni fupi zaidi. Tiketi hununuliwa dirishani. Usinunue kwa mtu anayekufuata. Lengo la foleni ni kile Wahindu wanachokiita darshan, yaani kuiona sura ya mungu na kuonwa nayo, na huchukua sekunde chache baada ya kungoja kwa saa nzima. Ukifika mbele, tazama, kunja mikono kifuani kama ishara ya heshima ukipenda, kisha sogea. Usinyooshe kidole kuelekea ndani na usigeuze mgongo ghafla kumwita mwenzako.

7. Pokea au kataa kwa mkono wa kulia.

Kuhani atakuja na sahani yenye mwali wa kafuri. Watu hupitisha viganja juu ya mwali na kuvigusisha usoni, kisha huacha sarafu au noti ndogo. Katika mahekalu ya mungu Shiva utapewa majivu meupe, na katika ya mungu Vishnu utamiminiwa maji yenye majani ya mrihani mtakatifu kiganjani. Chochote kile, mkono ni wa kulia, kama kwetu.

Usipotaka, weka kiganja cha kulia kifuani, inamisha kichwa kidogo na urudi hatua moja. Hilo linaeleweka na halimuudhi mtu. Kinachoudhi ni kupokea halafu kufuta majivu kwenye nguzo au kutupa chakula. Chakula kilichotolewa kwanza kwa mungu kisha kikagawiwa huitwa prasadam, na mara nyingi ni wali mtamu wa sukari guru na samli au wali uliotiwa ukwaju. Usipokila, mpe mtu wa pembeni, atashukuru.

8. Kaa kidogo kabla ya kutoka.

Wenyeji hawatoki moja kwa moja. Huketi kwenye sakafu kwa dakika chache, na wewe uketi. Usinyooshe miguu kuelekea chumba cha ndani. Kama uko Madurai na una nguvu, subiri hadi karibu saa tatu usiku. Wakati huo Sundareswarar hubebwa katika machela, kwa ngoma na zumari, kwenda kulala chumbani kwa mkewe, na sehemu ya mwendo huo hupita pale ambapo mgeni anaruhusiwa kusimama. Nafasi ni ndogo na moshi ni mwingi, lakini ndicho kitu pekee katika safari zangu zote ambacho sikujuta kukosa simu ya kukipigia picha.

Makosa yanayorudiwa

Mtu mwenye adabu atakukaribisha juu ya paa la duka "bure kabisa" ili uone minara kutoka juu. Paa lipo na mandhari ni nzuri kweli, ila ngazi za kushukia hupitia ghorofa tatu za mazulia na vinyago. Kama hununui, usipande, au panda ukijua utakayoyapitia.

Wageni wengine huvaa nguo nyepesi za nailoni zenye mapindo marefu kisha wakasimama kando ya taa za samli. Vaa pamba na uikusanye khanga yako mbele. Mwanamke aliye katika hedhi, na mtu aliyefiwa karibuni, kwa desturi za huko hawaingii. Hakuna anayeuliza, lakini mwenyeji wako akikudokeza ahirisha tu.

Mambo yakienda kombo

Umezuiwa kabisa getini. Uliza kwa upole kama kuna lango lingine kwa wageni, mara moja tu. Jibu likiwa hapana, zunguka kuta kwa nje: Srirangam, karibu na mji wa Tiruchirappalli, kuta saba zimezungukana na ndani ya zile za nje mna mitaa, maduka na nyumba za watu, kwa hiyo hata aliyezuiwa ameshaona mengi. Mnara wake mkubwa, uliokamilika mwaka 1987, una zaidi ya mita 70.

Mtu aliyejifanya kiongozi wako anadai fedha nyingi. Mpe kiasi ulichokipanga, sema asante, tembea kuelekea mahali penye walinzi. Kuhani akikuletea daftari lenye majina ya wageni na michango mikubwa mbele ya majina hayo, elewa kwamba si ankara.

Kibati cha viatu kimepotea. Ngoja msongamano upungue na umwonyeshe mhudumu viatu vyako kwa kidole. Ndiyo sababu nyingine ya kuvaa ndala zenye rangi isiyo ya kawaida.

Umepotezana na mwenzako bila simu. Mkubaliane kabla ya kuingia kwamba atakayepotea arudi kwenye nguzo ya bendera, si kwenye lango.

Watu wanakuzunguka wakitaka kupiga nawe picha. Hutokea nje, hasa kwa sisi wenye ngozi nyeusi, na familia za vijijini hufanya hivyo kwa furaha tu. Kubali mbili tatu ukipenda. Ukichoka, kile kiganja cha kifuani kinafanya kazi hapa pia. Wapo vijana wachache wanaopiga picha kwa dhihaka, nao dawa yao ni kuondoka bila neno.

Moshi umekubana kifua. Toka kwenye kumbi zilizofunikwa uende kando ya bwawa la hekalu, ambako kuna hewa. Mwenye pumu aende Thanjavur, uwanja wake uko wazi, na awe na dawa yake ya kuvuta mkononi, si kwenye begi aliloliacha kabatini.

Mgonjwa mwenyewe anataka kuja. Mwulize daktari wake kwanza. Akiruhusiwa, usimpeleke kwenye foleni yoyote. Mkodie gari hadi Mahabalipuram, ambako atatembea uwanjani akiwa na viatu vyake, na mfike kama saa kumi jioni, jua likiwa limekwenda nyuma ya hekalu na upepo ukitoka baharini. Shangazi yangu, wiki tatu baada ya upasuaji, alikaa pale kwenye jiwe hadi walinzi walipopiga filimbi ya kufunga.